OpenAlex kwa vyuo vyetu vya Lubumbashi: namba unayoweza kuifungua

Ukifanya kazi kwenye maktaba ya chuo hapa Lubumbashi, siku haikosi rekta au dekani kukuuliza: chuo chetu kimechapisha kazi ngapi, na nani anazirejelea? Swali hilo huja tarehe ya ripoti ikikaribia, wafadhili wakitangaza ziara, au asistenti akiomba kupanda kuwa shefu wa kazi. Nimelijibu kwa njia nyingi. Nimepitisha fomu za karatasi kila idara, nimekaa na Google Scholar hadi usiku, nimemwomba mtu aliye Ubelgiji aniangalizie Scopus, orodha ya kulipiwa. Siku hizi nalijibu kwa OpenAlex. Nawaandikia wenzangu wa maktaba na ofisi za utafiti, wa hapa, wa Bukavu na wa Goma, kwa sababu naamini ndicho chombo kinachotufaa kuliko vingine vyote vilivyopo. Kina upungufu, na sitauficha. Ila kinatupa namba ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuona kilichomo ndani, mstari kwa mstari, bila kumlipa mtu.

OpenAlex ni orodha kubwa ya kazi za kitaaluma za dunia nzima: makala, vitabu, sura za vitabu, teze, seti za data. Ilizinduliwa Januari 2022 na shirika lisilo la faida liitwalo OurResearch, mara baada ya Microsoft kufunga Microsoft Academic mwishoni mwa 2021. Data ya Microsoft ndiyo iliyokuwa msingi wa kuanzia, kisha wakaongeza kutoka Crossref (rejista ya alama za makala), ORCID (rejista ya watafiti), PubMed (orodha ya kazi za tiba) na hifadhi za vyuo. Jina wamelitoa kwenye maktaba ya kale ya Alexandria. Leo ina kazi zaidi ya milioni 250, na data yote imeachiwa huru: unaipakua, unaitumia, unaichapisha upya, huombi ruhusa kwa mtu.

Matumizi yake hayahitaji mafunzo. Unaandika "Université de Lubumbashi", unachagua taasisi, na orodha inafunguka. Unaona idadi ya kazi kwa kila mwaka, sehemu iliyo wazi kusomwa bure, mada kuu, na mara ngapi kila kazi imerejelewa. Unaweza kuchuja kwa mwaka, kwa aina ya kazi, kwa jina la mwandishi, kisha ukapakua yote kama jedwali la kufungulia kwenye Excel. Mwanafunzi wa informatiki anayejua kuandika programu kidogo anaweza kuvuta data hiyo moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wao na kukuandalia ripoti inayojijaza yenyewe kila mwezi. Kurasa ni nyepesi, hata kwenye simu zinafunguka.

Sasa nieleze kwa nini kuifungua namba ni jambo kubwa hivyo kwangu.

Chukua kazi za Lubumbashi kuhusu madini na afya. Mwaka 2009 jarida la Environmental Research lilichapisha utafiti ulioongozwa na Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwa na wenzake wa hapa na wa Ubelgiji, akiwemo Benoit Nemery wa Leuven. Walipima mkojo wa watu wa Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia. Mwaka 2018 timu hiyo ikatoa nyingine kwenye Nature Sustainability, safari hii kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya sakafu za nyumba, na watoto ndio walioonekana kubeba madini mengi zaidi mwilini. Mwaka 2020, kwenye The Lancet Planetary Health, ukaja utafiti wa hapa mjini juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili: baba kufanya kazi ya madini kulihusiana na hatari iliyo kubwa zaidi ya mara 5.

Kazi hizi zinarejelewa na watu wa Ulaya, Marekani na China. Zinastahili. Ukibofya idadi ya marejeo kwenye OpenAlex, inakupeleka kwenye orodha ya wale waliorejelea, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Utaona wanasheria, wahandisi wa betri, wachumi, watu wa haki za binadamu, na wengine wanaoandika kuhusu magari ya umeme bila kujua Kasulo iko upande gani. Ukiwa na orodha hiyo mkononi unaweza kumwambia rekta neno la maana: kazi yetu ya toksikolojia inasomwa na watu wanaoandika juu ya biashara ya kobalti. Hilo lina uzito kuliko kumtajia idadi na kunyamaza.

Sasa linganisha na kazi za agronomia. Kwa miaka mingi watafiti wa Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Gembloux na Bruxelles, wamechunguza mimea inayostahimili udongo wenye shaba, na majani yanayoweza kupandwa kwenye ardhi iliyounguzwa na moshi wa kiwanda ili vumbi lisipeperuke kuingia majumbani. Kuna pia kazi za miombo na makaa, zinazoonyesha jinsi msitu unavyozidi kurudi nyuma kuzunguka mji. Nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, baadhi kwenye majarida kama Tropicultura ambayo kila mtu anasoma bure. Kwa marejeo haziwezi kushindana na kobalti. Lakini mtu wa mazingira wa mkoa, wa shirika la upandaji miti, au mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo, hizo ndizo anazokuja kuniomba maktabani. Msomaji wa namna hiyo hachapishi makala, kwa hiyo kusoma kwake hakuingii kwenye hesabu yoyote, iwe ya OpenAlex, ya Scopus au ya nani.

Ndiyo maana sikubali kabisa chuo kuhukumiwa kwa jumla ya marejeo. Chukua akina mama watano wanaouza mboga soko la Mzee Kabila, ukae nao pamoja na mfanyabiashara mmoja wa kobalti, halafu upige wastani wa pesa zao: utatangaza kwamba wote ni matajiri. Marejeo yako vivyo hivyo. Kazi chache hubeba karibu yote, nyingi hubaki na machache au sifuri. Na kuna kazi za aina ya pekee, kama zile za mzigo wa magonjwa duniani zinazotoka kwenye The Lancet, zenye waandishi mamia kwa mamia. Daktari mmoja wa chuo chako akiwa kati yao, jumla ya chuo inaruka hadi maelfu kwa makala moja. Ni kazi halali na daktari huyo ana haki ya kujivunia. Lakini hiyo haikuelezi lolote kuhusu maabara ya chuo, vitabu vyake, wala asistenti wake.

OpenAlex inakusaidia kwa namna mbili hapa. Ya kwanza, unaona idadi ya waandishi na taasisi zao, basi unaweza kuzitenga kazi zenye umati. Ya pili, inatoa kipimo kinacholinganisha kila kazi na nyingine za fani ileile, mwaka uleule na aina ileile, ambapo 1 ni wastani wa dunia. Kipimo hicho kinamtendea haki mwanahistoria. Makala ya historia huchukua miaka kurejelewa, ya tiba huchukua miezi. Ukiziweka kwenye jedwali moja kwa namba tupu, idara ya historia itaonekana imelala.

Mwenzangu wa Bukavu atanielewa haraka kwa mfano wa mpox ya Kamituga. Virusi vya kundi jipya vilipoonekana huko Kivu Kusini, makala zilizotoka 2024, moja kwenye Nature Medicine, nyingine kwenye Eurosurveillance ikiwa na mtafiti wa kituo cha utafiti cha Lwiro kati ya waandishi, ziliingia mikononi mwa dunia nzima, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Marejeo ya haraka vile yanatokana na ubora wa kazi na pia hofu ya ulimwengu. Mtafiti wa muhogo pale pale Bukavu anaweza kuwa na umakini uleule, na dunia isigeuke kumtazama.

Kuna swali jingine ambalo wafadhili wetu hawapendi sana kuulizwa: nani aliongoza? Njia ya kawaida ya kuhesabu humpa kila chuo makala nzima hata kama mtu wake ni mmoja kati ya kumi na tano. Njia nyingine hugawa makala moja kwa waandishi wake, kila taasisi ikapata kipande chake. Leiden, Uholanzi, wanatoa orodha ya vyuo wakitumia njia zote mbili, na tangu 2024 wana toleo lililojengwa juu ya data ya OpenAlex, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kurudia hesabu yao. Kwa vyuo vya Kongo tofauti kati ya njia hizo mbili ni kubwa, kwa sababu kazi zetu nyingi zinafanywa na ushirika wa nje. Sisemi ushirika ni mbaya. Bila Leuven, Liège na wengine, vipimo vingi vya damu na udongo visingepimwa. Nasema ripoti ya utafiti isiyoonyesha mwandishi wa kwanza na mwandishi wa mawasiliano (anayeandikiana na jarida) wametoka wapi, imeacha jambo la msingi. Kwenye jedwali la OpenAlex nafasi ya kila mwandishi imeandikwa. Mimi huweka safu mbili: kazi tulizoshiriki, na kazi alizoziongoza mtu wetu. Rekta husoma ya pili kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kazi zisizoonekana.

Alikuja profesa mmoja mzee, mstaafu, na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Nikamfungulia ukurasa wa jina lake. Akaegemea mezani, akasoma polepole, kisha akageuka.

"Mama, hii ordinatere inasema mimi nilianza kuandika mu 2004?"

"Papa Profesa, haisemi hivyo. Inaonyesha tu kile ilichopewa."

"Na hivi?" Akaweka kidole juu ya bahasha.

Ndani mlikuwa na nakala za makala zake za miaka ya 1970 na 1980, zimechapwa kwa taipu na kurudufiwa kwa stensili. Pini zilikuwa zimeshika kutu mpaka zikaacha alama za hudhurungi kwenye pembe ya kila ukurasa. Nyingine zilikuwa na masahihisho yake kwa kalamu ya bluu, nambari za majedwali zimerekebishwa kwa mkono. Tulizipanga juu ya meza kwa mwaka, yeye akitaja kwa kila moja aliiandika wapi na nani alimsaidia kukusanya data, mimi nikiandika.

Sababu ya kutoonekana ni rahisi kuieleza na ngumu kuirekebisha. Mashine kama OpenAlex hutegemea sana DOI, ile alama ya kudumu ya makala, na Crossref inayoisajili ilianza 2000 tu. Jarida lililokufa kabla ya hapo, au lililo hai lakini halijasajiliwa, mara nyingi halina alama. Fikiria Likundoli, iliyokuwa ikichapisha historia ya Afrika hapa Lubumbashi miaka ya 1970, enzi ambazo wanahistoria wa nchi nyingi walikuwa wanaitafuta. Fikiria machapisho ya CEPSI, kituo cha utafiti wa mambo ya jamii, juu ya maisha ya watu wa mijini Katanga. Fikiria François Malaisse, aliyefundisha hapa kwa miaka mingi na kuchunguza miombo mpaka vyakula vyake, viwavi na uyoga na kila kinachookotwa. Sehemu kubwa ya ujuzi huo imelala kwenye karatasi.

Jina la chuo nalo limebadilika mara nyingi. Kilianza katikati ya miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Élisabethville, kama chuo rasmi cha Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Mji ukapata jina la Lubumbashi 1966. Mwaka 1971 vyuo vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, UNAZA, na Lubumbashi ikawa kampasi yake, hadi 1981 vilipotenganishwa tena. Mtu aliyeandika 1975 ameweka anwani ya UNAZA. Mashine haijui aiweke Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi. Hapo ndipo umri wa chuo unapokatwa: kwenye chati kinaonekana kama kilizaliwa juzi.

Na wapo waliofunzwa au kufundisha hapa kisha wakaenda. V. Y. Mudimbe alifundisha Lubumbashi miaka ya 1970 kabla ya kuondoka nchini na kuwa profesa Marekani, Duke na Stanford. Kitabu chake cha 1988, kinachorejelewa na karibu kila anayeandika juu ya fikra za Afrika, kilitoka akiwa ng'ambo. Kwa kanuni ya anwani, yaani kazi kuhesabiwa kwa chuo kilichoandikwa kwenye chapisho, hesabu yake haiji Lubumbashi. Kanuni ni kanuni, naielewa. Lakini anayetaka kujua chuo kimeipa dunia nini hawezi kuishia kwenye anwani.

Kwa yule profesa tulifanya hivi. Kwanza tulimfungulia ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya mtafiti, bure, iliyopo tangu 2012. Kisha, kwa zile makala ambazo haki ya kuzichapisha upya ilikuwa wazi, tulizipiga skani na kuziweka Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, ambayo hutoa DOI bila malipo. OpenAlex huvuna hifadhi za namna hiyo, na baadhi zimeshaonekana chini ya jina lake. Marejeo ya wale waliomtaja miaka ya 1980 hayatarudi, kwa sababu na wao wako kwenye karatasi. Lakini kazi zipo, zina mwaka wa kweli, na mwanafunzi wa Goma anaweza kuzisoma. Alipoona mwaka wa 1976 kwenye skrini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kuna suala la majina yetu pia. Mkongomani ana jina, jina la pili, na mara nyingi jina la ubatizo, na tangu Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972 wengi wamechapisha kwa namna tofauti kulingana na wakati. Tuseme mtu ni Ilunga Kalenga Jean. Makala moja itamwita Kalenga J., nyingine Ilunga K., nyingine Jean Ilunga-Kalenga. Mfumo wowote unaopanga waandishi kwa mashine utamgawa vipande, au utamchanganya na Ilunga mwingine, na Katanga hii akina Ilunga hawahesabiki. Kinga ni ileile: chagua umbo moja la jina, ulishike maisha yote, na funga kila kazi kwenye ORCID yako. OpenAlex ina fomu ya kuomba marekebisho pale ambapo mashine imepotea njia.

Anwani ya chuo ndiyo kazi ninayowapigia kelele maasistenti kila wiki. Makala za watu wa Lubumbashi zina "Unilu", "University of Lubumbashi", "Université de Lubumbashi", "Cliniques universitaires", na nyingine "BP 1825, Lubumbashi" na si zaidi. Kila taasisi sasa ina kitambulisho chake kwenye rejista ya ROR, iliyoanza 2019, na OpenAlex huunganisha anwani na kitambulisho hicho. Sanduku la posta peke yake haliunganishi chochote. Vivyo hivyo kwa daktari wa Bukavu anayefundisha Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika na kutibu hospitali ya Panzi: akiandika hospitali tu, chuo hakipati, akiandika chuo tu, hospitali haipati. Aandike vyote viwili, kwa ukamilifu, kwa mistari miwili tofauti.

Kuhusu washindani, sitakawia. Web of Science inatokana na kazi ya Eugene Garfield, aliyetoa faharasa ya kwanza ya marejeo ya sayansi 1964, ikianzia na majarida 613. Leo ni mali ya Clarivate, inachagua sana majarida, inapendelea Kiingereza, na bei yake si ya vyuo vyetu. Scopus ya Elsevier, iliyoanza 2004, ni pana zaidi na data yake ni safi. Kama chuo chako kimejisajili Research4Life, mpango unaofungulia nchi kama yetu majarida ya kulipiwa, ulizia kama unaweza kuifikia. Itumie kuthibitisha makala za jina kubwa. Lakini majarida mengi ya Kifaransa ya Afrika hayamo, na ukitegemea Scopus peke yake utatangaza kwamba idara za sheria, lugha na historia hazifanyi kazi. Google Scholar, nayo ya 2004, inaona mengi kuliko wote, hata teze na ripoti. Kwa mtafiti mmoja ni nzuri sana. Kwa chuo haifai: haikupi orodha ya taasisi ya kupakua, haikuelezi inavyohesabu, na inaokota hata silabasi.

Sorbonne, chuo chenye pesa za kulipia chochote, kilitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba kinaacha Web of Science na kuingia kwenye vyombo huru, OpenAlex ikiwemo. Nilipomwonyesha dekani habari hiyo, mjadala wetu wa kwamba "cha bure hakina heshima" uliisha siku ileile.

Nimeahidi kusema upungufu, nao ni huu. OpenAlex hupokea kila kitu, pamoja na kisichostahili. Majarida ya kitapeli yenye DOI yamo ndani sawa na majarida ya kweli, na hayana alama nyekundu. Asistenti mmoja ninayemfahamu, kijana mwenye bidii, alilipa dola 150 kwa jarida lililomwandikia barua tamu na kumkubalia makala kwa siku tatu. Baada ya muda tovuti ikazimika, makala ikapotea, na pesa ilikuwa ya ada ya mdogo wake. Kupanda vyeo kunadai machapisho, na wezi wanalijua hilo. Kwa hiyo baada ya kupakua orodha, pitia majina ya majarida mmoja mmoja. Hakuna mashine itakayokufanyia kazi hiyo. Kwa vijana wa tiba nawaelekeza Pan African Medical Journal, inayopokea Kifaransa na ambako madaktari wengi wa hapa wamechapisha, au majarida yaliyomo kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure.

Upungufu mwingine: pale mchapishaji asipowasilisha orodha ya marejeo, idadi ya kurejelewa inapungua, na majarida madogo ndiyo yanayosahau zaidi. Mada zinapachikwa na mashine, basi usishangae kazi ya sosiolojia ya wachimbaji ikiwekwa kwenye jiolojia. Kuna kazi zilizoingizwa mara mbili, rasimu na toleo la mwisho. Kuna kazi zisizo na anwani ya taasisi kabisa, ambazo utazipata kwa jina la mwandishi tu. Kwa chuo kidogo chenye kazi mia chache, pita orodha nzima kwa macho. Mimi hukaa nayo pamoja na katibu wa kila idara, kikao cha asubuhi moja kwa idara, na kila mara wanataja kazi ambazo hazimo.

Na kuhusu kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch 2005: h ya 20 maana yake una kazi 20 zilizorejelewa angalau mara 20 kila moja. Hirsch alikitunga kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Kukitumia kwa chuo kizima ni kupima ukubwa na umri, kwa hiyo kwenye ripoti yetu nimekitoa.

Nani aitumie? Ofisi ya utafiti ya chuo chochote cha serikali, cha kanisa au cha binafsi, kuanzia kampasi ya Kasapa hapa Lubumbashi hadi Goma. Wakutubi wote. Maasistenti, kwa kukagua jarida kabla ya kutuma makala: andika jina lake, tazama nani amechapisha humo na nani anazirejelea makala zake. Nani asiitumie peke yake? Kamati ya kupandisha vyeo. Kamati isome kazi zenyewe.

Bei: bure. Akaunti: huhitaji kwa kutafuta kawaida. Lugha: Kiingereza kwenye tovuti, lakini maneno ni machache na jina la chuo unaweza kuliandika kwa Kifaransa. Umeme ukiwa wa mashaka, pakua jedwali asubuhi mapema na ufanyie kazi bila intaneti. La chuo kizima cha hapa kwetu halijazi hata kona ya flashi. Kabla ya kulipeleka kwa rekta, ambatanisha orodha kamili nyuma ya ukurasa wa jumla, na kwenye safu ya mwisho andika kwa mkono kazi zile za bahasha ambazo bado hazijaingia.